Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024: Mto Lukuledi na Mikoko ya Ghuba ya Lindi

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka 2024. Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na hali ya uanachama ataieleza katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililozua mjadala mrefu kuliko mengine yote katika vikao vyetu, nalo ni uamuzi wa kamati tendaji wa kupunguza upandaji wa mikoko, na badala yake kuelekeza nguvu zetu na za wanachuo tunaoshirikiana nao katika kupima mto na kufungua njia za maji.

Kwa faida ya wanachama wapya, Lukuledi unashuka kutoka upande wa Masasi ukifuata bonde lililo kati ya uwanda wa Makonde na uwanda wa Rondo, unapita maeneo ya Ndanda, Nyangao na Mtama, kisha unaingia katika Manispaa yetu na kumwaga maji yake kwenye ghuba ya Lindi. Kwa hiyo tope linaloonekana kwenye kivuko cha Kitunda baada ya mvua kubwa si letu peke yetu, ingawa hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno ikitolewa na watu ambao mfereji unaopita mlangoni kwao umejaa chupa za plastiki.

Nusu ya kwanza ya mwaka haikuwa na kazi kubwa ya kueleza. Mvua za msimu zilikuwa nyingi, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kiliongeza mvua nyingine, barabara ya Dar es Salaam ikakatika, na vifaa vya kupimia tulivyovisubiri vikachelewa. Hata hivyo kuchelewa huko kulikuwa na manufaa yake, kwa sababu wanachuo walipata nafasi ya kukaa na wazee wa uvuvi na kuandika maelezo yao kuhusu mahali ambapo mikoko ilikuwapo zamani, wapi maji yalikuwa yanaingia, na lini njia hizo zilizibwa. Maelezo hayo ndiyo yaliyotuongoza baadaye.

Maji yalipopungua, kazi ya kwanza ilikuwa kwenye kijito kimoja kinachopita nyuma ya makazi kabla ya kuingia Lukuledi. Wanachuo walitumia utaratibu uitwao TARISS, uliotayarishwa kwa ajili ya mito ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015, ambao hupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo wanaoishi ndani yake. Mmoja hukoroga mawe na mchanga kwa miguu, mwingine hutega wavu wenye mpini upande ambako maji yanaelekea, kisha kilichonaswa humwagwa kwenye sinia jeupe na kutambuliwa aina kwa aina. Ubora wa njia hii ni kwamba chupa ya maji hukueleza hali ya saa ile tu uliyoyachota, lakini mdudu aliyeishi humo kwa wiki kadhaa amepitia yote yaliyomwagwa mchana na usiku. Upande wa juu wa kijito, kabla ya makazi, walipatikana watoto wa kereng'ende na wadudu wengine wasiostahimili uchafu. Upande wa chini, baada ya makazi, sinia lilijaa funza wekundu, ambao wekundu wao unatokana na damu inayowawezesha kuishi kwenye maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Mama mmoja anayefua hapo aliangalia masinia yote mawili, akauliza swali moja tu, kwamba huku juu wanafulia wapi. Tangu siku hiyo yeye ni mjumbe wa kamati ya mtaa wake.

Wapo waliotaka vipimo hivyo viendelee mpaka ghubani. Mwalimu anayewasimamia wanachuo alikataa, nami nilimuunga mkono, kwa kuwa utaratibu huo ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Pale ambapo maji ya bahari hupanda wakati wa kujaa, wadudu hao hukosekana kwa sababu ya chumvi, wala si kwa sababu ya uchafu, na tungejikuta tunawalaumu watu bure.

Sasa niingie kwenye mikoko. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipanda miche siku za maadhimisho, tukiwa na fulana na wageni rasmi, na karibu kila mara tumepanda aina moja tu ya mikoko, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaokoteka kirahisi na inachomekwa tu kwenye tope. Tumeipanda kwenye tope lililo wazi mbele ya miti, ambako hakuna mwenye eneo wa kugombana nasi. Lakini tope lile liko wazi kwa sababu linakaa chini ya maji muda mrefu kuliko mche mchanga unavyoweza kuvumilia, na kama upande huo wa bahari una mti wake, basi ni mlilana, ambao ni aina nyingine ya mikoko. Zaidi ya hayo, mbegu za mikoko haziadimiki Lindi. Kinachokosekana ni ardhi yenye kimo kinachofaa na maji yanayoingia na kutoka.

Ardhi hiyo ipo, nayo ni mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Matuta yake ya udongo bado yanazuia maji, kwa hiyo ndani yake jua linakausha na chumvi inazidi kuongezeka. Tulipopata ridhaa ya mmiliki wa shamba moja na idhini ya mamlaka ya misitu, wanachuo walianza kupima kimo cha ardhi kwa mpira wa maji, ule ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Fundi mmoja, mwanachama wetu, ndiye aliyewafundisha kutoa mapovu kwenye mpira kabla ya kusoma, maana povu moja tu linaharibu kazi ya asubuhi nzima. Walipima kutoka chini ya miti iliyo hai nje ya tuta mpaka ndani ya shamba, kwenye bamvua, yaani maji yanapojaa sana, na kwenye maji mafu, yanapojaa kidogo, na kubaini kwamba sehemu kubwa ya shamba ina kimo sawa na kile ambacho mchu, aina nyingine tena ya mikoko, unaota vizuri jirani yake. Tulichimba mapengo kwenye tuta kwa majembe, pale pale ambapo wazee walisema mkondo wa zamani ulipita, na hatukupanda hata mche mmoja. Baada ya bamvua chache michu midogo ilianza kujiotea kando ya mkondo.

Ninafahamu kwamba baadhi yenu hamkufurahishwa, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba mfadhili hawezi kupigwa picha na pengo la tuta. Hilo ni kweli, na ni gharama ambayo kamati iko tayari kuibeba.

Kuhusu bustani za mboga kandokando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazohatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hatukuwa na uwezo wala nia ya kumfukuza mtu. Tulikubaliana na wakulima kuacha matete yaote ukingoni, na wengi wametimiza. Waliobaki watazungumzwa nao na viongozi wa mitaa yao. Maombi yetu ya kuhusishwa na Jumuiya ya Watumia Maji tutayapeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza shamba la pili la chumvi, pamoja na vipimo vya tindikali kijitoni kabla na baada ya msimu wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu inayoweza kuongeza tindikali, kwenye mikorosho. Ninawaomba pia mkubali kazi za kuchimba zimalizike kabla ya Oktoba, kwani msimu wa korosho ukifika hata mwenyekiti haonekani. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura leo baada ya taarifa ya mhazini, na wanachama wa Kitunda wataanza kupiga ili wawahi kivuko.