Gegedu si mfupa mchanga

Shangani, Mtwara

Mpendwa Somoe,

Baada ya salamu na dua ya kukuombea wepesi katika ujauzito wako, nimeona nianze na lile uliloniandikia, kwamba jirani yako huko Lindi amekueleza kuwa gegedu ya mtoto tumboni (kitu kinachopindika kama kile cha ndani ya sikio) hukomaa ikawa mfupa kama dafu linavyokomaa likawa nazi. Mfano wake unapendeza, lakini haufai, kwa sababu dafu na nazi ni tunda moja, ilhali gegedu na mfupa ni vitu viwili, na kimoja huondolewa ili kingine kikae mahali pake.

Mimi ningekupa mfano wa nguzo iliyoingiwa na mchwa: mti huliwa kidogo kidogo ukajazwa udongo, na umbo la nguzo likabaki lile lile (ila mchwa huacha kitu dhaifu, na hapa huachwa kigumu zaidi). Kiinitete cha wiki 6 hivi huwa na umbo la mfupa wa paja lililofanywa kwa gegedu tupu, laini, isiyo na mishipa ya damu. Kufikia wiki ya 8, seli za katikati huvimba, ute unaozizunguka hushika chumvi za kalsiamu, na nyingi kati ya seli hizo hufa. Wakati huohuo utando wa nje hujenga pete nyembamba ya mfupa, kisha mshipa wa damu hupenya ndani pamoja na seli za kazi mbili: zile zinazobomoa gegedu iliyokwisha kuwa ngumu, na zile zinazotandaza mfupa mpya juu ya mabaki yake. Uwazi unaobaki ndimo unamokaa uboho.

Kwa kuwa umeingia mwezi wa nne, mifupa mirefu ya mwanao imekwisha kuanza kujengwa katikati, na ncha zake bado ni gegedu. Baadaye, kati ya ncha na shina hubaki kipande chembamba cha gegedu kinachomrefusha mtoto hadi baada ya kubalehe. Hata ule mfupa wa mkono wa dinosaria uliochimbwa Tendaguru, huko kwenu Lindi, unaozidi mita 2, ulianza hivyo ndani ya yai.

Fuvu ndilo lenye njia yake, kwani mifupa yake bapa hujengwa moja kwa moja katika utando. Kwa hiyo jirani akikushikisha utosi wa mtoto unaodunda, akakwambia kuwa ni gegedu, mjibu kwa adabu kwamba ni utando tu, mfupa bado haujaufikia.

Wako,
Mwanaisha