Kalia kwanza, shusha miguu

Mbagala Rangi Tatu,
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Za Goba? Sisi wazima, ila mvua imetuchosha. Picha ya ile pikipiki nyekundu uliyoiona Mwenge, unayotaka kuinunua iwe ya kwanza kwako, nimeitazama, na shemeji yako kaitazama. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi na wewe tunaazimana madera na hayaburuzi, kwa hiyo miguu yako naijua. Ile ni ndefu, si saizi yetu.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ndefu vilevile, ya matairi ya porini. Sijakuhadithia yote. Siku ya tatu nipo kwenye foleni Kilwa Road, nimesimama tu, hata mwendo sina. Nikashusha mguu wa kushoto kutafuta lami, mguu ukakuta shimo. Pikipiki ikainama kidogo, ikainama tena, na ikishafika pale huizuii, hata uwe na mikono ya mbeba magunia. Tukalala wote wawili. Konda wa daladala akachungulia: "Dada, ndo umefika?" Mkono wa klachi ukakatika, nikausaka Kariakoo siku mbili, kila duka wananiambia niagize. Mkono wa pikipiki ya Boxer unauona umening'inia hata kwenye viduka vya uchochoroni huku kwetu.

Kwa hiyo ukifika dukani usiulize spidi. Ikalie, ushushe miguu yote miwili, na nyayo zikae chini, si vidole vinapapasa. Kisha shuka, uisukume kinyumenyume mwenyewe, muuzaji asikusaidie. Ikikushinda pale kwenye sakafu, kwenye mchanga wa kwenu utaita watu kila asubuhi.

Injini ya cc 100 au 125 inakutosha, na vilima vya Goba utapanda, taratibu. Mimi ningekuchagulia TVS HLX 125 kwa sababu moja: ina stata, unaiwasha kwa kitufe. Mwanafunzi huzimikiwa kila akiachia klachi vibaya, na kupiga kiki katikati ya kilima huku gari zinakupigia honi nyuma ni adhabu. Halafu angalia mnyororo uwe umefunikwa. Najua siku moja utasahau uipande na dera.

Skuta ni rahisi, haina klachi wala gia, ila vigurudumu vyake vidogo havipendi mchanga na mashimo. Ungekuwa unakaa Upanga ningekuruhusu.

Ukipata ya mkono wa pili, ishike injini kabla haijawashwa. Ukikuta tayari ya moto, muuzaji kaiwasha mapema ili usione inavyogoma asubuhi. Ikitoa moshi wa bluu, inakula oili. Na kadi ya pikipiki uisome: jina liwe la anayekuuzia, namba ya chasisi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Vijana wengi wa bodaboda wanaendesha kwa mkataba, pikipiki bado ya bosi, halafu kijana anakuuzia wewe.

Pesa ya helmeti itenge kabisa, usije ukaimalizia kwenye bei. Leseni ya kujifunzia nayo uishughulikie wiki hii.

Jumamosi nitakuja na shemeji yako, tukutane Mwenge saa tatu. Usibebe hela yote. Vaa suruali na viatu utakavyoendeshea, si vile vyako vya kisigino, maana navyo utagusa chini hata kwenye ile nyekundu.

Wako,
Rehema