Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tozo ya Kaboni Imeondoka, Madai Yetu Bado

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, naleta kwenu taarifa ya mwaka 2025 ya chama chetu cha wakulima tulio Kanada. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na habari za masoko amezieleza katibu. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotukalisha vikaoni kuliko mengine yote: tozo ya kaboni, yaani malipo yaliyoongezwa kwenye bei ya mafuta na gesi kwa ajili ya hewa ukaa vinayotoa, na nafuu ambayo Serikali ya Kanada iliwawekea wakulima ndani ya sheria zake za fedha.

Tarehe 1 Aprili 2025 tozo hiyo ya mafuta na gesi ilishushwa hadi sifuri. Waziri Mkuu Mark Carney alichukua hatua hiyo siku ileile aliyoapishwa, 14 Machi, na mwezi Juni serikali yake ikapeleka bungeni Muswada C-4, wenye sehemu ya kuifuta tozo hiyo kwenye sheria yenyewe. Wengi wetu tulishangilia, nami nikiwemo. Tatizo ni kwamba wapo walioona mambo yamekwisha wakaanza kutupa risiti za miaka ya nyuma. Nawasihi msitupe. Kuna wanachama wenye haki ya fedha za nafuu za 2021 hadi 2024 ambao hawajazidai.

Tukumbushane. Sheria ya tozo ilipitishwa mwaka 2018, na tozo ikaanza Aprili 2019 kwa wenzetu wa majimbo ya Ontario na Manitoba, kisha Januari 2020 kwa walio Alberta. Ilianza kwa dola 20 kwa tani ya hewa ukaa, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa dola 80. Dizeli na petroli za trekta zilisamehewa tangu mwanzo, ilimradi mkulima ampe muuza mafuta cheti cha msamaha. Gesi asilia na propani hazikusamehewa, isipokuwa nafuu ya sehemu kwa wenye vitalu nyumba.

Hapo ndipo kilio chetu kilipokuwa. Wengi wetu tulikulia kwenye mahindi yanayoanikwa uani, jua likamaliza kazi bila bili. Ontario mahindi yanavunwa Oktoba na Novemba, mara nyingi yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, na mnunuzi anayataka yashuke hadi karibu 15. Jua la Novemba huku halikaushi kitu. Unawasha mashine ya kukaushia, inanguruma usiku kucha, na tangi la propani linashuka ukiliangalia. Kwa kiwango cha dola 80, kila lita ya propani ilibeba senti 12.38 za tozo. Aliyechoma lita 5,000 katika mavuno ya 2024 alilipa dola 619 za tozo peke yake, mbali na bei ya gesi.

Serikali ilijibu kupitia Muswada C-8, sheria ya kutekeleza mpango wa fedha wa 2021, uliosainiwa 9 Juni 2022. Humo mliwekwa nafuu ya kodi kwa mkulima ambaye gharama zake za kilimo zinafika dola 25,000 au zaidi kwa mwaka. Kwa mwaka 2021 ilikuwa dola 1.47 kwa kila dola 1,000 za gharama, na kwa 2022 dola 1.73. Fedha hizo unalipwa hata kama hudaiwi kodi yoyote. Unajaza fomu T2043 pamoja na ritani yako, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka, basi.

Sasa pigeni hesabu. Mwenye gharama za dola 100,000 mwaka 2022 alirudishiwa dola 173. Mwenye gharama za dola 24,000 hakupata hata senti, ijapokuwa alikausha mahindi yake kwa gesi ileile iliyotozwa. Na kile unachomlipa ndugu yako wa damu kwa kukodi shamba lake hakihesabiwi kwenye gharama hizo, jambo linalotuumiza sisi tunaolima kifamilia. Nafuu ilifuata ukubwa wa matumizi, haikufuata gesi iliyochomwa. Hili nililisema kila mahali nilipopewa nafasi, na nitaendelea kulisema.

Dawa yake ilikuwa Muswada C-234 wa mbunge Ben Lobb, uliotaka propani na gesi asilia za kukaushia nafaka na kupashia joto mabanda ya mifugo zisamehewe moja kwa moja. Bunge liliupitisha Machi 2023. Ulipofika Seneti, baraza la juu, Desemba mwaka huo, mabanda yaliondolewa kwa kura 40 dhidi ya 39. Kura moja, ndugu zangu, na wafugaji wetu wa kuku wakabaki nje. Muswada ukarudishwa bungeni, ukakaa, na Bunge lilipovunjwa Machi 2025 ukafa nalo.

Sisi hatupingi kulinda hali ya hewa. Ukame na mvua za ghafla mkulima anaviona kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulichokitaka ni asitozwe kwa kitu ambacho hana mbadala wake.

Upande wa chama, mwaka huu tulifanya vikao vya jioni kwa simu kuwaelekeza wanachama kwa Kiswahili namna ya kujaza T2043. Mama mmoja mfugaji aligundua kwamba ofisi iliyomwandalia ritani haikuwahi kumjazia fomu hiyo, ingawa gharama zake zilizidi kiwango kila mwaka. Sheria inaruhusu kuomba ritani za nyuma zirekebishwe, hadi miaka 10, na ameshapeleka maombi. Kesi kama yake naamini zipo nyingi kati yetu. Namshukuru sana katibu msaidizi aliyekesha na makaratasi ya watu wasiokuwa hata ndugu zake.

Bajeti ya shirikisho iliyosomwa 4 Novemba ilipita tarehe 17 kwa kura 170 dhidi ya 168. Bunge lililogawanyika namna hiyo linamsikiliza hata mkulima mdogo, akiandika. Bei ya kaboni kwa viwanda vikubwa imebaki, vikiwemo vya mbolea, na kamati itafuatilia kama gharama hiyo inashukia kwenye mfuko wa mbolea tunaonunua. Tunapendekeza barua ya pamoja kwa wabunge wetu, yenye hoja mbili: nafuu yoyote ijayo ifuate lita zilizo kwenye risiti, na kiwango cha dola 25,000 kisiwepo. Rasimu itasomwa kwenye mkutano mkuu ili muijadili na kuirekebisha.

Mwisho wa kupeleka ritani kwa waliojiajiri ni 15 Juni 2026, lakini anayedaiwa kodi anatakiwa awe amelipa kufikia 30 Aprili. Wenye ritani za 2021 hadi 2024 ambazo hamna hakika nazo, njooni nazo mkutanoni pamoja na risiti zote za gharama. Kutakuwa na meza ya kuzipitia kabla ya chakula.

Mwenyekiti