Miksa iliyofunguka hewani

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Sahibu yangu Athumani,

Salaam sana. Ama baada ya salamu, huku sote wazima. Mvua imeshinda ikinyesha, barabara yetu matope matupu, na mteja hata mmoja sijamwona. Ndiyo nimepata wasaa wa kukujibu.

Unasema kompyuta inakuchosha kuliko biti yenyewe, na kwamba kwenye FL Studio, programu yetu ya kutengenezea muziki, F9 ni mbovu. Usione haya, hata mimi imenifika juzi. Alikuja mama mmoja mwimbaji wa taarabu, wa enzi zile Black Star na Lucky Star zikiutikisa mji huu. Anataka kurekodi wimbo mmoja tu, wajukuu wawe nao. Kakaa kitini, kanga kajitanda, koo keshalipasha. Nabonyeza F9 kuita miksa, lile dirisha la kuchanganyia sauti, haitokei. Nabonyeza tena, wapi! Kitufe chake pale juu kinawaka kwamba iko wazi, lakini kwenye skrini haipo. Jasho linanitoka. Mama akanitazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, umepoteza ufunguo au umepoteza nyumba?"

Kumbe siku mbili nyuma nilikuwa nimechomeka skrini ya pili, ya kuazima, miksa nikaisogeza huko. Skrini yenyewe ikawa ya waja leo waondoka leo, mwenyewe kaifuata jioni ileile. Kosa langu: sikuirudisha miksa kabla ya kuchomoa waya. FL Studio ikakumbuka dirisha lilipokuwa, ikalifungua kulekule, yaani hewani. Dawa yake ni Ctrl+Shift+H, madirisha yote yanarudi kwenye mpangilio wa awali. Nimeiandika kwa maka peni ukutani, juu ya spika.

Tangu siku hiyo nimekaa nikapanga meza yangu. Pleilisti nimeiachia nafasi kubwa, maana ndipo unapouona wimbo toka kichwani mpaka mkiani. Miksa iko chini, imelala upana wote. Chaneli raki, ile orodha ya ala, naiita kwa F6 nikiihitaji, nikimaliza naiondoa kwa F6 hiyohiyo. Piano roli, pa kuandikia noti, vilevile kwa F7. Pleilisti yenyewe ni F5. Madirisha yakirundikana kama mitumba sokoni, F12 inayafunga yote unaanza upya. Ila kwa laptopu kama yako, vitufe hivyo huwa vimepewa kazi ya mwanga na sauti, kwa hiyo shika Fn kwanza. Nadhani hilo ndilo lililokufanya useme "F9 mbovu".

Mpangilio ukikupendeza, ingia View, kisha Arrange windows, uuhifadhi kwa jina. Mimi ninayo miwili. Wa kurekodi una pleilisti na miksa basi, maana mtu akishashika pumzi si wakati wa kutafuta kitu. Wa kuchanganya sauti una mengi zaidi.

Sasa nikuseme kidogo. Lile faili lako ulilonitumia, ndugu yangu, ni kiza! Miksa ya programu hii ina njia za sauti tele, nawe umeziacha na majina ya kuzaliwa, Insert moja, Insert mbili, zote kijivu. Nimelitafuta besi lako mpaka chai ikapoa. Nikazima moja moja nikisikiliza nani kanyamaza. Bonyeza njia kwenye miksa, kisha F2, andika jina na uchague rangi. Kwangu fidla zote kijani, ganuni njano, dumbaki na ngoma nyingine nyekundu, sauti ya mtu nyeupe. Siku hizi hata sisomi, nafuata rangi. Na kwenye pleilisti acha kuburura ule upau mwembamba kwenda mbele na nyuma. Shika Ctrl uzungushe gurudumu la mausi, wimbo unasogea karibu au mbali papo hapo ulipoweka mshale.

Mama tulimrekodi, alhamdulillahi. Beti zote kazipiga mara moja, sauti ina mikwaruzo ya utu uzima ambayo sitaigusa hata kidogo. Kimebaki kiitikio, anarudi Jumatano. Nahitaji mtu wa kinanda, na unajua nani namtaka. Panda basi la asubuhi, mkate wa kumimina utaukuta. Faili lako nalo nimeshalipaka rangi. Besi ni ile ya bluu.

Wako,
Salimu