Kwa vijana mliomsoma Schopenhauer nusunusu

Wanangu,

Nimewasikia mkisema binadamu ni kiumbe asiyeshiba, mapenzi ni mtego wa maumbile na urafiki ni biashara, na kila mara mnamwita Arthur Schopenhauer, yule mwanafalsafa Mjerumani, awe shahidi wenu. Shahidi mnaye, sikatai. Ila mmemkatiza kabla hajamaliza kusema.

Ni kweli aliandika kwamba ndani yetu mna msukumo usio na macho, unaotaka na kutaka tena. Ukikosa unaumia, ukipata unakinai, kisha unaanza upya. Mimi na umri huu hoja hiyo siwezi kuipangua. Mtazameni mtu aliyehangaikia cheo miaka na miaka: hata kiti hakijapata joto, keshaanza kuulizia cha juu yake kina nani.

Lakini someni insha yake kuhusu msingi wa maadili. Aliipeleka kwenye shindano la Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Denmark, na mwaka 1840 akanyimwa tuzo ingawa hakuwa na mshindani hata mmoja. Waamuzi walichukizwa, pamoja na mengine, na alivyowakosea adabu wanafalsafa wakubwa. (Kwa matusi alikuwa fundi.) Humo anauliza: ikiwa ubinafsi umetujaa kiasi hiki, inakuwaje mtu amsaidie asiyemjua, pasipo wa kumwona wala wa kumlipa? Anajibu kwamba ni huruma. Kuna wakati kinachonitenga na mwenzangu kinaondoka, maumivu yake yakaniuma kama yangu. Hakusema huruma ni amri. Alisema ni jambo linalotokea, tena ni fumbo, na wanyama nao aliwaingiza humo.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Kama sote tumo katika mateso yale yale, dharau mnaipata wapi?

Mtanijibu kwamba yeye mwenyewe hakuwa na huruma hiyo. Hapo mna haki. Mwaka 1821 huko Berlin alimsukuma mshonaji aliyekuwa akipiga soga nje ya mlango wake, Caroline Marquet, hata mahakama ikamwamuru amlipe kila mwaka maisha yake yote. Mama yule alipofariki, Schopenhauer aliandika kwa Kilatini kwamba bibi kizee amekwenda na mzigo umeondoka. Maneno mabaya kabisa. Na ni huyu huyu ambaye, alipofariki Frankfurt mwaka 1860, wosia wake haukumsahau mtumishi wake wa nyumbani wala mbwa wake. Aliyaona maradhi ya ubinafsi vizuri kwa sababu alikuwa nayo, nadhani.

Basi mkimnukuu tena, nukuuni na sehemu hiyo ya huruma. Na yule mwenzenu aliyeachwa na mchumba, mkamcheka na kumwambia ati ndivyo maumbile yanavyotuchezea, mwendeeni leo. Hoja ziacheni nyumbani. Kaeni naye aseme mpaka achoke.

Mzee wenu