Kiti cha kulia: barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Kibosho, Moshi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nimefundisha miaka 34 na sijawahi kumwandikia kiongozi barua ya wazi. Leo nimeandika kwa ajili ya binti yangu, na kwa ajili ya wenzake niliowakuta pale uwanja wa ndege wa Arusha, Kisongo: vijana wenye leseni za urubani ambao kazi yao ni kupima mabegi ya watalii. Nakuja kuwaombea kiti cha kulia cha ndege, kile cha rubani msaidizi.

Binti yangu ni rubani. Ana leseni ya urubani wa biashara, ile inayomruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, anaruhusiwa kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake mawingu yanapofunga, anaruhusiwa ndege ya injini mbili, na mitihani ya nadharia ya ATPL, leseni ya juu kabisa ya urubani, ameimaliza. Alisomea Afrika Kusini. Niliuza kiwanja changu cha Bomang'ombe, nikakopa SACCOS ya walimu, na kiinua mgongo changu kikaishia huko huko. Siombi kuonewa huruma. Niliuza kwa hiari yangu na ningeuza tena.

Alirudi na saa 214 za kuruka kwenye daftari lake, lile wanaloliita logibuku. Wengi wao hurudi na saa za kiasi hicho hicho, kwa kuwa leseni ya biashara inadai saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja mfululizo. Akaanza kuomba kazi. Kampuni moja ikamwambia kwa simu arudi akiwa na saa 500. Nyingine ikataka 1,000, na mia kadhaa kati ya hizo ziwe za Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja inayobeba watalii. Mashirika makubwa ya Ghuba ndiyo kabisa, yanataka saa nyingi zaidi ya hizo. Na hiyo ATPL, ile inayomfanya mtu aitwe kapteni wa ndege kubwa, inadai saa 1,500 popote duniani. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Baba, hizo saa nazipata wapi kama hakuna anayenipa ndege?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miezi mingi, na ninaamini liko mezani kwako.

Februari nilikwenda Kisongo kumpelekea ndizi na maharage ya nyumbani. Amepanga chumba Majengo na kila siku alfajiri anapanda daladala kwenda uwanjani. Nilifika kabla hajamaliza zamu, nikasimama pembeni nikimtazama. Amevaa riflekta ya njano. Anaweka begi kwenye mizani, anasoma namba, anaandika. Mwisho kilo 15 kwa abiria. Mzee mmoja wa Kizungu begi lake lilizidi, akamsaidia kulipunguza taratibu bila kumwaibisha. Halafu akawaongoza abiria hadi kwenye Caravan, akawapandisha mmoja mmoja. Wa mwisho akamzungusha mbele ya ndege, akamfungulia mlango wa upande wa kulia, akamfunga mkanda na kumwonyesha asiguse nini. Rubani alikuwa tayari kushoto. Mlango ukafungwa, binti yangu akarudi nyuma mpaka kwenye mstari, akasubiri ndege ipae ndipo akageuka.

Jioni nilimuuliza juu ya kile kiti. Akaniambia kina usukani wake na pedali zake, kila kitu alichonacho rubani wa kushoto. Ila Caravan imeidhinishwa kurushwa na mtu mmoja, kwa hiyo kwenye safari anazozihudumia yeye kiti cha kulia huuzwa kama viti vingine. Akaongeza kwamba rubani wa siku ile, walipokutana baada ya safari, alimsimulia kuwa mgeni aliyeketi pale alisinzia tangu Monduli mpaka Seronera, Serengeti. Aliyasema bila uchungu. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Mheshimiwa, naomba nifanye hesabu, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Kutoka Arusha hadi Seronera ni kama saa moja, kwenda na kurudi saa mbili. Siku tano kwa wiki ni saa 10. Aprili na Mei mvua za masika zinashuka na wageni wanapungua, kwa hiyo tuhesabu wiki 40 tu: saa 400 kwa mwaka. Ongeza 214 alizonazo, amevuka 600. Mwaka wa pili amevuka 1,000, na ni saa za kutua kwenye viwanja vya vumbi, kwenye joto, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 ambako hewa ni nyepesi na ndege hutumia njia ndefu kupaa. Shirika lolote kubwa litakalomwita kwenye usaili na kumketisha kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, litamkuta ameshaonja kazi yenyewe.

Sasa kuna kikwazo ambacho hakionekani mpaka usome kanuni, nami nimezisoma. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ndicho kinachohusu leseni, nacho kinasema rubani msaidizi kwenye ndege iliyoidhinishwa kurushwa na mtu mmoja, pale ambapo nchi imeagiza awepo msaidizi, atahesabiwa si zaidi ya asilimia 50 ya saa zake anapotafuta leseni ya juu. Hapo saa 400 za hesabu yangu zinageuka 200. Lakini kanuni hiyo hiyo inaipa nchi ruhusa ya kuzihesabu zote, ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kweli kwa utaratibu wa marubani wawili: wanagawana kazi, wanasomeana orodha ya ukaguzi, mmoja anarusha na mwenzake anafuatilia. Kwa maneno mengine, mlango upo, na ufunguo wake anao Waziri mwenye mamlaka ya kutunga kanuni chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wanaozisimamia.

Ombi langu ndilo hilo. Uwepo mpango wa rubani msaidizi kwenye Caravan zinazobeba abiria kutoka Arusha, ulioandikwa kwenye miongozo ya uendeshaji ya kampuni na kukaguliwa na TCAA, na saa zake zihesabiwe zote.

Najua wenye kampuni watasema nini. Kiti kimoja ni tiketi moja, na kijana wa kilo 70 ni kilo 70 za mizigo au mafuta zilizoachwa chini. Ni kweli, na kwenye viwanja vya juu kilo 70 si jambo dogo. Hasara hiyo wasiachiwe peke yao. Waajiri hulipa tozo ya SDL kwa ajili ya kuendeleza ujuzi, na sioni ujuzi unaostahili fedha hiyo kuliko huu; kampuni inayomketisha kijana ipunguziwe tozo hiyo kwa kadiri ya saa alizompa. Na hata ikianza kwa safari zile ambazo ndege haijajaa, au zile za kurudi bila abiria, itakuwa imeanza.

Ila kiti hicho kijana asiuziwe. Hili nalisema kwa nguvu. Ziko nchi ambako vijana wanalipa kampuni ili wakae kwenye kiti cha msaidizi, baba anauza kiwanja cha pili mtoto apate saa. Mimi sina kiwanja cha pili, na wazazi wengi wa marubani ninaowafahamu hawana.

Wapo wataalamu wanaoamini kwamba saa nyingi peke yake ndiyo usalama. Wanaitaja Marekani, iliyopandisha kiwango cha rubani msaidizi wa shirika la ndege hadi saa 1,500 baada ya ndege ya abiria aina ya Q400 kuanguka karibu na mji wa Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na watu 50 kupoteza maisha. Nilitaka kuelewa, nikasoma. Kapteni wa ndege ile alikuwa na saa 3,379 na msaidizi wake 2,244. Wote wawili walikuwa wamepita 1,500. Wachunguzi walichokiona ni namna kapteni alivyovuta usukani wakati ndege imepoteza mwendo, pamoja na mazungumzo yasiyohusu kazi wakati wa kukaribia uwanja. Hayo ni mambo anayojifunza mtu akiwa ameketi kando ya rubani mzoefu anayemkosoa siku hiyo hiyo. Ethiopian Airlines wanalijua hilo. Wanawachukua vijana wakiwa hawajawahi kugusa ndege, wanawafundisha kwenye chuo chao Addis Ababa, kisha wanawaketisha wenyewe kulia.

Sisi nasi tunazo ndege. Air Tanzania ilifufuka mwaka 2016 kwa Q400 mbili, leo ina A220, Dreamliner, 737 MAX na 767 ya mizigo. Precision Air ilianza kuruka kutoka Arusha mwaka 1993. Serikali imenunua ndege za mafunzo kwa ajili ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, jambo ambalo nalishukuru kwa moyo wote, kwa sababu mtoto wa mwalimu mwingine hatalazimika kwenda Afrika Kusini. Lakini huyo naye atahitimu na saa 200 na kitu, kisha atapanda daladala ya Kisongo kwenda kupima mabegi.

Na leseni haisubiri. Cheti cha afya cha daraja la kwanza ni cha miezi 12. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo nayo inapimwa upya kila mwaka, kwa ndege ya kukodi na mkaguzi wa kulipwa. Asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Mshahara wa kupima mizigo hautoshi hata kimoja kati ya hivyo.

Mwezi ujao binti yangu ana miadi na daktari anayeruhusiwa kupima marubani. Ada nimeitenga kutoka kwenye kahawa ya msimu uliopita. Ya kukodi ndege bado naitafuta. Ukipita KIA au Kisongo katika ziara zako, naomba nusu saa yako. Nitakuja naye, na daftari lake tutalibeba ulione.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kibosho, Moshi