Kwa nini hatuuzi kola ya shingo bila picha ya hospitali

Mzee mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ametusema sana kwa majirani kwamba tumemla hela. Alinunua kola ngumu kwetu, akaivaa kwa uaminifu miezi mitatu, kisha daktari akamwambia mfupa haujaunga, aende MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kufungwa skrubu. "Sasa nyinyi niliwalipa ya nini?"

Mzee wetu, shikamoo. Ulianguka msalani ukavunja kijino cha pingili ya pili ya shingo, yaani kile kijiti cha mfupa kinachochomoza juu yake, kwenye shina lake. Hapo mfupa huunga kwa shida, na umri ukienda ndiyo kabisa. Hilo uliambiwa hospitali kabla hujafika kwetu. Kazi ya kola ilikuwa kuzuia kijino kisisogee kikabana uti wa mgongo, ule mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mifupa, na mikono yako inafanya kazi mpaka leo.

Pingili mbili za juu si kama zile za chini. Ya kwanza ni pete iliyobeba fuvu, ya pili ina kijino kinachoingia ndani ya pete. Karibu nusu ya kugeuza shingo kulia na kushoto hutoka hapo, ndiyo maana aliyeunganishwa pingili hizo mbili kwa skrubu hugeuka na mabega. Vijana wanaojitosa kichwa mbele Raskazone maji yakiwa yamekupwa huja na pete iliyopasuka. Kano inayoshikilia kijino ndani ya pete ikiwa nzima, wengi hupona kwa kola ngumu bila kisu. Ikikatika, ni habari nyingine. Picha ndiyo inayosema, na kwa pingili hizi kipimo cha CT huona nyufa ambazo eksirei huzikosa.

Kinachotuumiza ni kukandwa. Mkwezi mmoja wa Pangani alianguka mnazini, akainuka, akatembea, akapelekwa kukandwa ati shingo inyooke. Alipoletwa kwetu kununua kola, kila akitaka kuinuka alikishika kichwa kwa mikono miwili. Hatukumuuzia kitu. Tulimlaza chali, tukakunja shuka pande zote za kichwa, tukaita gari la wagonjwa. Ndugu zake walikasirika hadi picha ilipotoka: pingili ya pili imevunjika.

Tuje kwenye bei. Ile ya sponji ya duka la dawa ni rahisi kweli, lakini inapasha shingo joto tu, haizuii mfupa. Yetu tunaipima kidevu hadi bega, kwa sababu ikiwa ndefu inasukuma kichwa nyuma, ikiwa fupi kidevu kinazama. Bei ina pedi za kubadilisha, na kurudi kukaguliwa vidonda chini ya kidevu na kisogoni. Tunamfundisha pia mtu wa nyumbani kumwosha mgonjwa akiwa amelala. Joto la kaskazi tunalijua, dada mmoja alikuwa akiivua usiku apate upepo, akaishia kuongezewa wiki za kuivaa.

Kuivua ni amri ya daktari baada ya picha mpya. Mkija, leteni picha yenyewe pamoja na cheti, na mgonjwa asipakiwe kwenye bodaboda. Tuiteni, tutakuja alipo.